Fanfari ya Shule na Feza ya Maskini



Mwaka uliopita, baada ya Pasaka, kamati ya shule ya parokia yetu ilitupa kazi tusiyoitafuta. Kina mama wa parokia walikuwa wamelima shamba moja la mahindi kwa shirika. Walipouza mavuno walileta feza mbele ya altare, wakasema: «Hii ni kwa fanfari ya watoto.» Padri wa parokia akapokea, akashukuru, kisha akaita kamati. Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema: «Tununue mara moja vyombo kumi vipya, vile vinavyong'aa dukani.» Wengine wakajibu: «Hapana, tukodi kwa siku za sikukuu tu, kisha tuvirudishe.» Na wengine tena: «Tuweke feza hii kwa kazi nyingine, tungojee wafadhili wa Ulaya.» Kelele zilipozidi, mzee mmoja akatugeukia akasema: «Mwalimu, wewe ulisoma seminari, ulipiga harmonium kule. Utuambie.»

Hatukujibu siku ile. Tuliomba majuma mawili. Sababu yake ni hii: zamani kidogo tuliulizwa neno kama hilo mahali pengine, tukajibu upesi, tukawatia watu hasara. Habari ile tutaisimulia chini, wala hatutaificha. Lakini kwanza tunataka kuwaeleza wasomaji yale tuliyoyatafuta katika majuma yale mawili: maskini wa nchi nyingine walifanyaje walipotaka fanfari nao hawana feza? Maana wako waliotutangulia katika njia hii, tena walikuwa watu wa shamba, wa kiwanda na wa shimo la makaa, kama sisi.

Tarumbeta ni shaba

Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba. Wazee wetu waliiyeyusha kabla Wazungu hawajafika, wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba ile ilikuwa mali ya kununulia na ya kuolea. Basi tarumbeta ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kadiri ya mafungu saba ya shaba kwa mafungu matatu ya zinki. Mchanganyiko huo ndio shaba ya njano. Shaba tunayo, na zinki ilichimbwa Kipushi, karibu na Lubumbashi. Lakini kuwa na madini si kuwa na tarumbeta. Bei ya tarumbeta haitoki katika madini, inatoka katika mikono ya fundi.

Zamani baragumu ya shaba ilikuwa bomba tupu. Mpigaji alipata sauti chache tu, zile ambazo bomba lenyewe linazitoa kwa nguvu ya midomo, kama pembe ya mnyama. Wimbo mzima haukuweza kupigwa. Mwaka 1818, katika nchi ya Prussia, watu wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walipewa hati ya haki kwa kitu kipya: pistoni. Kazi ya pistoni ni nyepesi kueleza. Ukiibonyeza, pumzi inapita katika kipande cha bomba kilichoongezwa pembeni. Bomba likiwa refu zaidi, sauti inashuka. Pistoni ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni na nusu. Kwa vidole vitatu tu mtu anaweza kupata sauti zote za wimbo.

Msomaji ashike neno hili, maana litamfaa siku ya kununua. Pistoni ndiyo roho ya chombo. Tarumbeta iliyobonyea ubavuni inaweza kuimba miaka mingi, lakini yenye pistoni iliyolika na kuvuja pumzi haina faida, hata ikisuguliwa mpaka ing'ae kama jua.

Mtoto wa Dinant

Katika nchi ya Ubelgiji, kando ya mto Meuse, uko mji mdogo unaoitwa Dinant. Toka karne nyingi mafundi wake walikuwa wakifua shaba. Huko ndiko alikozaliwa Adolphe Sax, tarehe 6 Novemba 1814. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya muziki, na mtoto akajifunza kazi katika karakana ya nyumbani. Mwaka 1842 alihamia Paris, akiwa na ufundi mwingi na feza kidogo.

Watu wengi wanamkumbuka kwa saksofoni, ambayo alipewa hati yake mwaka 1846. Lakini kwa fanfari za maskini alifanya jambo lingine kubwa zaidi. Mwaka 1843 alipata hati kwa ajili ya jamaa nzima ya vyombo vya shaba, vidogo kwa vikubwa, vyote vya umbo moja na vya vidole namna moja. Vinaitwa saksoni. Kabla yake fanfari ilikuwa mkusanyiko wa vyombo vya kila aina, na kila chombo kilitaka mwalimu wake. Katika jamaa hii ya Sax, aliyejifunza kidogo anaweza kuchukua kikubwa bila kuanza upya. Mtoto wa alto akiugua, mtoto wa baritoni anashika nafasi yake. Mwalimu mmoja anafundisha wote kwa somo moja. Hapo gharama ilipungua sana, maana katika fanfari ya shule mwalimu ndiye gharama ya kila mwezi, lakini chombo kinanunuliwa mara moja.

Tarehe 22 Aprili 1845, katika uwanja wa Champ-de-Mars mjini Paris, bendi mbili zilishindana mbele ya umati: moja ya vyombo vya zamani, nyingine ya vyombo vya Sax. Watu walishangilia ile ya Sax, na mwaka uleule jeshi la Ufaransa likapokea vyombo vyake. Lakini mafundi wengine wa Paris walimwonea wivu, wakampeleka barazani mara nyingi. Alifilisika mara tatu, mwaka 1852, 1873 na 1877, akafa mwaka 1894 bila utajiri. Yeye aliyewapa maskini njia ya kupata muziki hakujua kulinda feza yake mwenyewe. Wazee wetu wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Akili ya ufundi na akili ya daftari ni vipaji viwili mbalimbali, na fanfari inavihitaji vyote viwili.

Wafumaji na wachimba makaa wa Uingereza

Mwaka 1844 jamaa moja ya wapiga tarumbeta wa Uingereza, mzee John Distin na wanawe, walikutana na Sax huko Paris. Walichukua vyombo vyake, wakazunguka navyo katika miji ya Uingereza. Waliowasikia wakatamani. Na wengi wa waliotamani walikuwa wafumaji wa nguo na wachimba makaa wa kaskazini, watu wa mishahara midogo na wa siku ndefu za kazi.

Mwezi wa Septemba 1853, katika bustani ya Belle Vue mjini Manchester, yalifanyika mashindano makubwa ya fanfari. Bendi nane zilishindana. Iliyoshinda iliitwa Mossley Temperance Saxhorn Band, yaani bendi ya watu wa mji wa Mossley walioahidi kuacha pombe. Walikuwa wamejipatia vyombo vya namna ya Sax, na sauti yao ikawa moja. Watu walikuja kwa maelfu kwa gari la moshi, ambalo siku zile lilikuwa kitu kipya kwa watu wa kawaida.

Je, walilipaje? Tumesoma habari zao, tukaona njia tano.

Njia ya kwanza ni senti za kila juma. Kila mpigaji alitoa kidogo siku ya mshahara, na majirani waliopenda bendi wakatoa pia. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia ya pili ni bwana wa kazi. Katika kijiji cha Queensbury, mwaka 1855, kiwanda cha nguo cha John Foster kiliipokea bendi ya mahali. Kiliwapa chumba cha mazoezi na mwalimu, na mavazi yao yakashonwa kwa nguo iliyofumwa humohumo kiwandani. Bendi ile, Black Dyke, ingali inapiga mpaka leo.

Njia ya tatu ni kulipa kwa mafungu. Wauzaji walitoa vyombo kwanza, bendi ikalipa polepole, na mara nyingi mtu mwenye mali wa mahali aliweka sahihi kama mdhamini. Njia hii iliwasaidia wengi, ikawaumiza wengi pia. Mwaka wa kazi mbaya kiwandani ulipokuja, deni lilibaki, na wapigaji walicheza mwaka mzima kwa ajili ya mwenye duka.

Njia ya nne ni vyombo vilivyokwisha kutumika. Bendi kubwa ilipojinunulia vipya, ilivishusha vya zamani kwa bendi ndogo. Hivyo korneti moja iliweza kulea vijiji viwili au vitatu.

Njia ya tano ni zawadi za mashindano. Watengenezaji wenyewe walitoa chombo kama zawadi, maana walijua kwamba bendi iliyoshinda ni tangazo zuri la duka.

Tena walikuwa na sheria moja, nayo inatupendeza kuliko zote. Chombo kilikuwa mali ya bendi, si mali ya mpigaji. Aliyeondoka alikirudisha. Bila sheria hiyo, kila kijana anayehamia mji mwingine anaondoka na sehemu ya fanfari mfukoni.

Shule za Marekani na desturi ya kukodi

Sasa twende Marekani. Katika mji mdogo wa Elkhart, jimbo la Indiana, mtu mmoja aliyeitwa Charles Gerard Conn, mpiga korneti aliyeumia mdomo, alitengeneza kinywa cha tarumbeta chenye ukingo wa mpira. Mwaka 1875 alipata hati yake, na baadaye akajenga kiwanda cha korneti. Mafundi wakaja, viwanda vingine vikaota pembeni, na Elkhart ukawa mji wa vyombo vya fanfari. Mwaka 1915 Conn aliuza kiwanda kwa Carl Greenleaf.

Greenleaf na wenzake waliona kwamba soko linabadilika. Vita vikuu vilikwisha mwaka 1918, na jeshi halikuhitaji tena vyombo vingi. Bendi za miji zilikuwa zikipungua. Basi wakawatazama watoto wa shule. Mwaka 1923, mjini Chicago, watengenezaji waligharamia mashindano ya kwanza ya bendi za shule za nchi nzima, na bendi ya shule ya Fostoria, katika jimbo la Ohio, ikashinda. Kisha, toka mwaka 1927, sinema zenye sauti zilianza kuenea. Wapiga muziki wengi waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za sinema wakapoteza mkate wao, na wengine wao wakawa walimu wa bendi mashuleni. Hivyo shule za Marekani zilijaa tarumbeta kwa sababu tatu: watoto waliopenda, walimu waliokosa kazi, na wauzaji waliotafuta wanunuzi. Si dhambi kwa mwuzaji kutafuta mnunuzi. Lakini mnunuzi na ajue kwamba anatafutwa.

Huko ikakomaa desturi ya kukodi. Mzazi anachukua klarineti au tarumbeta dukani, analipa kila mwezi, na mtoto akichoka anairudisha. Maduka mengi yanahesabu kodi kama sehemu ya bei, na mwisho chombo kinakuwa cha mzazi. Wazo hili lina hekima. Mtoto wa miaka kumi hajui kama atapenda, na mzazi hajui kama mdomo wa mtoto unafaa tarumbeta au unafaa klarineti. Kodi ya miezi mitatu ni bei ya kujua.

Lakini na tuhesabu pamoja. Tuseme chombo kilichokwisha kutumika kinauzwa dola 200, na kukodi ni dola 10 kwa mwezi. Baada ya miezi 20 umelipa bei nzima. Kama kodi haihesabiwi katika bei, mwezi wa 21 unalipa tena, na bado huna kitu. Basi anayekodi aulize mapema maneno matatu: Je, kodi inaingia katika bei? Nani anatengeneza kikiharibika? Kikipotea, tunalipa nini? Majibu yaandikwe katika karatasi, pande zote mbili zitie sahihi. Wazee walisema: cha kuazima hakistiri maungo. Cha kukodi kinaweza kustiri, lakini kwa karatasi.

Kwetu Afrika

Fanfari si ngeni kwetu. Karibu na Mombasa, katika kijiji cha Freretown, kilichoanzishwa na Waanglikana miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliopewa uhuru, vijana walifundishwa tarumbeta. Toka pwani ile ilienea ngoma iliyoitwa beni, jina lililotoka katika neno bendi. Vijana waligawanyika katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa vyombo. Baada ya vita vya 1914-1918 ngoma ile ilifika mbali, hata kwetu Katanga, pamoja na wasafiri na wafanyakazi. Uzuri wake ulikuwa umoja, na ubaya wake ulikuwa feza nyingi kumwagika ili chama kimoja kionekane kikubwa kuliko kingine. Kamati za leo zijipime hapo.

Katika Kongo, shule ya Boma iliyokuwa chini ya Mapadri wa Scheut ilikuwa na fanfari ya watoto zamani sana. Tena chombo cha yule mtoto wa Dinant kilipata makao makubwa katika nchi yetu. OK Jazz ilipoanzishwa mwaka 1956 mjini Léopoldville, leo Kinshasa, mmoja wa waanzilishi wake, Jean-Serge Essous, alipiga klarineti na saksofoni.

Wakristu wengine wanauliza: je, fanfari inaruhusiwa kanisani? Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi aliandika sheria ya muziki mtakatifu. Alikataza fanfari kupiga ndani ya kanisa, lakini alikubali ziongozane na maandamano nje, kwa ruhusa ya Askofu na bila nyimbo za kidunia. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana, na vyombo vingine vinaweza kupokelewa kwa hukumu ya wakubwa wa Eklezya wa mahali, vikifaa kwa ibada. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu feza, kamati iulize kwanza: fanfari hii ni ya kazi gani? Ya maandamano? Ya sikukuu za shule? Ya kuwafundisha watoto kusoma nota? Jibu ndilo litakaloonyesha vyombo vya kutafuta.

Kosa letu

Sasa tutimize ahadi yetu. Miaka kadhaa iliyopita, mahali tulipofanya kazi kwanza, shule moja ilipewa sanduku la tarumbeta za zamani kutoka ng'ambo. Zilikuwa sita, nzito, za kazi nzuri ya mikono. Kutoa sanduku forodhani kulitaka feza, na wazazi walikuwa wakisitasita. Waliuliza shauri letu. Tulitazama mara moja, tukapuliza moja, ikaita vizuri. Tukasema: «Lipeni, hii ni baraka.» Wakalipa. Tena kwa shauri letu wakaongeza feza, wakanunua korneti mbili mpya za kujaliza.

Siku ya mazoezi ya kwanza, watoto wote wanane walipiga sauti moja pamoja. Ilikuwa kama paka wawili katika mfuko. Tukafikiri watoto hawajui. Tukawakaripia, tukawarudisha siku ya pili na ya tatu. Mtoto mmoja mwenye kipaji, aliyekuwa na korneti mpya, alilia, akaacha fanfari, asirudi tena. Kumbe kosa halikuwa la watoto.

Baadaye fundi mmoja alitueleza. Zamani kila nchi ilikuwa na kipimo chake cha sauti. Mwaka 1939, katika mkutano wa London, wataalamu walikubaliana kwamba sauti ya la iwe mitetemo 440 kwa sekunde, na mwaka 1955 kipimo hicho kikathibitishwa kwa mataifa yote. Lakini bendi za shaba za Uingereza ziliendelea na kipimo chao cha juu, karibu mitetemo 452, mpaka miaka ya 1960. Bendi zilipobadilisha, vyombo vya zamani vikawa vya bei ndogo sana, vingine vikatolewa bure. Sanduku letu lilikuwa la vyombo hivyo. Vilikuwa juu ya korneti mpya kadiri ya robo ya toni. Vyenyewe kwa vyenyewe vilipatana. Pamoja na chombo kingine chochote havikupatana kamwe. Fundi aliweza kurefusha mabomba, lakini gharama ilishinda uwezo wa wazazi.

Tunaandika haya kwa aibu. Feza ya wazazi tuliipoteza kwa sababu hatukutumia robo saa kulinganisha vyombo viwili. Na yule mtoto tulimkosea zaidi kuliko feza. Tulimwona baadaye, tukamwomba radhi. Alicheka tu kwa adabu, lakini tarumbeta hakuishika tena.

Shauri tulilolitoa

Majuma mawili yalipokwisha tulirudi mbele ya kamati ya parokia yetu, tukasema hivi.

Kwanza, tusinunue vyombo kumi vipya vya bei ndogo. Tumeviona vya namna hiyo: shaba yake nyembamba, pistoni zinakwama baada ya miezi michache, na fundi anakataa kuvishika kwa kuwa vipande vya kubadilisha havipatikani. Afadhali vinne vizuri vilivyokwisha kutumika.

Pili, asiende mtu peke yake kununua. Aende na anayejua kupiga. Pistoni zishuke na kupanda bila kukwama. Mirija ya kuvuta ivutike yote. Chombo kipulizwe pamoja na chombo kingine ambacho tunajua kipimo chake. Kama ni klarineti, tutazame kama mbao imepasuka na kama vifuniko vinaziba. Katika nchi yetu ya jua kali na mvua nyingi, klarineti ya plastiki inamfaa mtoto wa shule kuliko ya mbao.

Tatu, vyombo vikubwa, baritoni na besi, tukodi kwanza. Vina bei kubwa, na bado hatujui ni mtoto gani ataviweza.

Nne, fungu moja la kumi la feza lisiguswe. Ni la mafuta ya pistoni, la kulehemu na la vinywa. Kila mtoto awe na kinywa chake, hata kama watoto wawili wanashirikiana tarumbeta moja. Ni kwa ajili ya afya.

Tano, ngoma zisinunuliwe Ulaya. Maseremala na wenye ngozi tunao.

Mzee mmoja hakuridhika. Alisema: «Vinne na vya zamani! Parokia ya jirani watatucheka.» Tulimjibu kwa mfano wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda wa kanisa la Wakimbangu alianzisha okestra akiwa na vinanda vichache tu vya nyuzi. Watu walipokezana violini moja. Waya wa breki ya baiskeli ulitumika mahali pa uzi uliokatika, na mmoja wao akatengeneza vyombo kwa kuiga vya dukani. Leo okestra ile inajulikana nje ya Afrika. Tukamkumbusha pia Padri Guido Haazen, Mfransisko, na waimbaji wake wa Kamina, hapahapa Katanga. Mwaka 1958 walipeleka Missa Luba mpaka Ulaya. Hawakuwa na tarumbeta hata moja, walikuwa na sauti zao na ngoma za nchi. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi daftari ashike nani?»

Hilo ndilo lilikuwa swali la maana. Kamati ilitaka kumpa karani wa shule. Lakini mama mmoja, mkubwa wa wale waliolima shamba, akasimama akasema: «Baba zetu, sisi tulihesabu magunia, hatukupoteza hata moja. Daftari tutashika sisi.» Hakuna aliyepata la kujibu, na Padri akatabasamu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Korneti tatu na alto moja zilinunuliwa, baada ya kukataa nyingine saba. Baritoni na besi tulikodi kwa fanfari ya zamani ya mjini, kwa karatasi inayosema kwamba nusu ya kodi itahesabiwa katika bei tukitaka kununua. Ngoma mbili zilitengenezwa hapa. Siku ya Noeli watoto walipiga nyimbo mbili katika kiwanja cha kanisa. Wimbo wa pili uliharibika katikati, wakaanza upya, na watu wakangoja kwa saburi. Besi tumeirudisha, maana mtoto wa kuiweza hatujampata. Hasara yake ni kodi ya miezi sita, imeandikwa katika daftari.

Watoto kumi na mmoja wanajifunza sasa, na wengine wanangoja zamu. Wasomaji wa parokia nyingine wanaotaka kuanza, watazame kwanza feza waliyo nayo imetoka wapi. Kwetu ilitoka katika migongo ya kina mama chini ya jua. Kila tunapotaka kununua kitu kipya, mama yule anafungua daftari lake na kutuuliza: «Mmekipuliza?» Tusipokuwa tumekipuliza, analifunga.